Programu Imegoma Micheweni: Njia za Mkato za Kubaki Bingwa

Umetengeneza programu ya simu, imepelekwa Pemba, imegoma. Wewe uko Mjini Unguja au Dar es Salaam, feni inazunguka, mtandao haukatiki, na kwenye simu yako kila kitu kinakwenda bila kusita. Anayekupigia ni mama mmoja wa Micheweni, mhudumu wa afya wa kujitolea, na maelezo yake ni mafupi: "Mwanangu, kitu chenu kimekataa."

Hapo unataka mambo mawili. Programu iamke, na wewe uonekane bingwa. La pili ndilo linalokuchoma zaidi, na usilionee haya, kwani kila fundi anapenda kusifiwa. Basi nisogelee nikuambie. Yote mawili yanapatikana kwa jasho dogo kuliko unavyodhani. Vifaa vya mkononi vimeshahangaika Pemba kwa miaka mingi, na waliokutangulia wameacha vichochoro vya kupitia. Pita humo humo.

1. Funga kompyuta

Mkono utakuwasha kufungua msimbo. Usifungue. Ukianzia huko utakaa siku nzima ukitafuta kosa la kifahari, lenye jina gumu, la kuwasimulia wenzako. Makosa ya kifahari ni machache. Mengi ni manyonge, na mnyonge hutibiwa kwa mazungumzo ya dakika tatu.

Anza na salamu. "Shikamoo mama. Habari za tangu jana? Watoto hawajambo?" Ukishaitikiwa, sema: "Naomba utazame juu kabisa ya kioo, unisomee tarehe na saa."

Tarehe ndiyo hila ya kwanza, na ni hila nzuri. Simu ya bei nafuu iliyokwisha chaji kabisa, ikiwashwa mahali pasipo mtandao, huweza kurudi nyuma miaka mingi, pengine hadi 1970. Sasa, seva inapojitambulisha kwa simu huonesha cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Simu inayoamini kwamba bado tuko mwaka 2015 inakiona cheti hicho hakijaanza kazi, inakikataa, na haitumi chochote. Mama anasoma "hitilafu ya mtandao", anapanda kilimani kutafuta mnara, na mnara wa watu hauna kosa. Mwambie arekebishe tarehe. Itatuma papo hapo, nawe utamsikia akiwaambia walio karibu naye kwamba kijana huyu ni fundi kweli. Itikia kwa adabu.

Tarehe ikiwa sawa, uliza nafasi iliyobaki kwenye simu. Itakuwa imejaa video za harusi. Usimwambie azifute. Harusi ni ya mwanawe, na programu yako ndiyo mgeni humo ndani. Punguza uzito wa programu. Kisha uliza namba ya toleo, maana huenda ugonjwa huu ulishautibu mwezi uliopita na dawa haijamfikia.

2. Iazime simu yake

Ikiwa bado imegoma, usibishane naye kwa kusema "kwangu inafanya kazi". Hakuna sentensi inayomvunjia fundi heshima haraka kama hiyo. Kwako lazima ifanye kazi. Ulivyoijenga, uliijenga kwa simu yako.

Panda boti hadi Mkoani, au ndege hadi Chake Chake, uende ukaiazime simu yake. Muachie nyingine ya kutumia, usimwache mikono mitupu. Kama safari haiwezekani, nunua ya aina ile ile, ya bei ile ile, uipakie anavyopakia yeye: WhatsApp, redio, Qur'ani, michezo ya mjukuu. Halafu ifungulie programu yako, jaza fomu moja, zima kioo, iweke mezani, nenda ukale. Ukirudi tazama kama fomu imefika.

Mara nyingi haijafika, na sababu ni hii. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani bila chaja, kioo kimezimwa, inazifungia programu nyingi mtandao na kuzipa upenyo mfupi mara moja moja. Juu ya hilo, watengenezaji wengi wa simu za bei nafuu wameongeza vidhibiti vyao vya chaji, vikali zaidi, vinavyoizima kabisa programu usiyoitazama. Programu yako haikuanguka. Imeuawa ili betri ifike jioni.

Na Pemba betri ina thamani. Waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Tanga uliwashwa mwaka 2010, na kabla yake kisiwa kilikuwa kikitegemea majenereta ya dizeli. Umeme umeenea sana tangu hapo, lakini nyumba za shamba ambazo simu hupelekwa kuchajiwa dukani au kwa jirani bado zipo, na mwenye simu ya namna hiyo huiweka kwenye hali ya kubana chaji tangu alfajiri. Usimlaumu. Fanya hila tatu: kazi ya kutuma ikabidhi kwa WorkManager, ambayo husubiri upenyo wake bila kugombana na simu, mfundishe mama kuitoa programu yako kwenye orodha ya zinazobanwa, na weka kitufe kikubwa kilichoandikwa "Tuma sasa", pamoja na idadi ya fomu zilizobaki. Kitufe hicho kitakuletea sifa kuliko kazi yako yote nyingine, kwa sababu binadamu anapenda kuona mkono wake umefanya jambo.

3. Nakili kwa waliofaulu

Hapa nakuruhusu wizi wa wazi kabisa.

Mwaka 2008 mpango wa kupambana na malaria Zanzibar ulianza kupokea taarifa za vituo vya afya kwa simu za kawaida za vibonyezo, kwa menyu fupi ya namna ile unayotumia kuangalia salio. Mwaka 2012 ikaongezwa programu iitwayo Coconut Surveillance, kwenye vishikwambi vya maofisa wa malaria wa wilaya. Mgonjwa akigundulika kituoni, ofisa hupata ujumbe, hupanda pikipiki, huenda kituoni kisha hadi nyumbani kwa mgonjwa, hupima waliomo, na huingiza kila kitu pamoja na alama ya GPS ya nyumba.

Nyumba hiyo inaweza kuwa ndani ya mikarafuu, na kishikwambi hakina mtandao hata chembe. Haidhuru. Programu ilijengwa juu ya hifadhidata ya CouchDB, inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kusawazishana na seva mtandao ukipatikana. Jamii ni Afya, mpango wa wahudumu wa kujitolea uliofika wilaya zote za Zanzibar, nao umejengwa kwa mtindo huo huo wa kufanya kazi kwanza na kutuma baadaye.

Nakili kanuni hiyo moja uache nyingine zote: mama akibonyeza "Hifadhi", rekodi ilale kwenye simu yake hapo hapo, kabla programu haijauliza habari za mtandao. Mfumo unaotuma moja kwa moja unapendeza sana ofisini, mbele ya wafadhili. Ukifika Kojani au Kisiwa Panza unamfanya mama azungushwe na kiduara hadi achoke, afunge, na kazi yake ipotee.

Ukishanakili, jua mtego uliomo. Wahudumu wawili wakirekebisha rekodi ya mtoto mmoja kila mmoja akiwa nje ya mtandao, CouchDB haitupi ya mtu. Huzishika zote mbili, huchagua moja ya kuonesha, na ya pili hukaa imefichika mpaka uiulizie. Asiyejua hilo huapa kwamba data zimepotea. Wewe nenda moja kwa moja kwenye migongano, itoe iliyofichika, na utaonekana umefufua.

Na kama unachohitaji ni fomu tu, tumia njia ya mkato kubwa kuliko zote: usitengeneze programu. Open Data Kit, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, ipo tayari. Watafiti wa kichocho waliofanya kazi Micheweni na Wete kuanzia mwaka 2020 waliitumia. Najua inauma kutoandika kitu chako mwenyewe. Meza maumivu. Kila mstari usiouandika ni mstari ambao hutauamkia usiku.

4. Uliza saa mbili ni saa ngapi

Hatua hii usiiruke. Makosa niliyotaja hadi sasa yanapiga kelele: programu inajitoa, inaganda, inakataa. Ya hapa yanakaa kimya, yanatuma vizuri, na yanaharibu kila kitu.

Fomu inauliza, "Mtoto alizaliwa saa ngapi?" Mama anaandika 2. Amezaliwa asubuhi, jua limeshatoka, saa mbili. Seva inaandika saa nane za usiku. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Baadaye mtu mwenye suti atachora grafu na kusema akina mama wa Pemba wanajifungua zaidi usiku wa manane, na ataomba fedha za taa.

Usimfundishe mama saa ya kizungu. Yeye hajakosea. Weka vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha saa kama anavyoisema, na programu ndiyo ifanye hesabu ya kujumlisha au kutoa sita. Ni kazi ya nusu saa kwako. Kwake ni miaka ya kutochanganyikiwa.

Siku nazo zina yake. Ukimuuliza bibi wa Tumbe homa ya mtoto ilianza lini akakuambia "usiku wa Ijumaa", kalenda ya simu itaweka Ijumaa usiku. Bibi amekusudia usiku unaoingia magharibi ya Alkhamisi, kwa sababu kwake siku huanza jua likizama. Homa imesogezwa siku nzima, na katika malaria siku moja inaweza kuwa uhai wa mtu. Andika kwenye kioo: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Maneno matano yameponya kosa ambalo kompyuta yoyote isingeliona.

Tazama na majina. Khamis ataandikwa Hamis, Khadija ataandikwa Hadija, na katika shehia moja utakuta watu kadhaa ambao jina lao, la baba na la babu ni yale yale. Ukitafuta kwa herufi kamili utamkosa mtu aliyesimama mbele yako, na mhudumu atamsajili upya. Mwakani utakuwa na watoto wengi kuliko waliozaliwa. Tafuta kwa sauti ya jina, puuza tofauti ya "kh" na "h", kisha onesha jina la mama ili mhudumu achague kwa macho. Tena usilazimishe jina kwa mtoto mchanga. Wengi hupewa jina siku ya saba, na siku tatu za mwanzo ndizo unazomtaka zaidi kwenye rekodi.

Halafu kuna kile kisanduku kinachodai namba ya NIDA ya tarakimu 20, bila hiyo husogei. Mbele yako ameketi mzee mwenye Kitambulisho cha Mzanzibari tu. Fomu inamkataa mtu nyumbani kwake. Ondoa ulazima huo leo, usingoje toleo jipya.

Utayajuaje haya bila kuambiwa? Kwa uvivu mtupu. Kaa kwenye jamvi na mhudumu mmoja alasiri moja, umwangalie akijaza, mikono yako iwe nyuma. Usimsaidie. Kila pale kidole chake kinaposita juu ya kioo, andika. Orodha utakayoondoka nayo itakutosha kazi ya mwezi, na watu watadhani una kipaji cha kuona yaliyofichika.

5. Gawanya nusu

Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na katikati umefanya mabadiliko 64. Usiyasome. Rudi hadi la 32 ujaribu. Ikiwa nzima, kosa liko mbele. Ikiwa mbovu, liko nyuma. Gawanya tena. Majaribio sita yanakufikisha kwa mkosaji, na Git itakugawia yenyewe ukiiomba kwa neno bisect. Mwenzako aliyeamua kufikiri atakuwa bado anafikiri.

Sharti ni moja: badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha vitatu kikapona, hujui dawa ni ipi, na kikiugua tena utarudi na mkoba mtupu.

6. Usimeze kosa

Kuna njia ya mkato nisiyokuruhusu. Ni ile ya kulikamata kosa ndani ya msimbo na kuliacha bila neno, ili programu isijitoe mbele ya mkubwa. Programu inakuwa na nidhamu, haigandi, haijitoi, na fomu za wiki nzima hazipo popote. Mama amezunguka nyumba kwa nyumba juani akidhani zimefika. Mtu aliyeandika mistari ile amemwibia siku zake. Kosa likitokea, liandike ndani ya simu: saa, toleo, fomu ipi, nafasi iliyobaki. Na kwa mama sema kwa Kiswahili kinachoeleweka: "Fomu imehifadhiwa, haijatumwa. Utajaribu tena baadaye." Usimtupie neno "error" na tarakimu.

7. Taja usichokiona

Mwaka 2013 ilichapishwa kazi moja iliyofanywa Pemba, nzuri mno kwa wapenda vichochoro. Watafiti walichukua iPhone 4S, wakabandika juu ya kamera yake kilenzi cha mviringo cha milimita 3 kwa utepe wa gundi wa pande mbili, wakamulika kwa tochi ndogo, wakatafuta mayai ya minyoo kwenye sampuli za choo za wanafunzi wa skuli. Hadubini ya simu, kwa gharama ya kilenzi na utepe!

Mayai ya mchango waliyaona vizuri, karibu 81 katika kila 100 ya sampuli zilizokuwa nayo. Ya mnyoo mjeledi, kama nusu. Ya safura, 14 tu katika 100. Na wakaandika namba zote tatu, hiyo ya 14 ikiwa wazi kama zile nyingine. Angalia ubingwa ulipo: wameazima simu, wamebandika kwa gundi, halafu wamesema waziwazi kifaa chao ni kipofu wapi, kwa hiyo hakuna daktari atakayemwambia mtoto huna safura kwa sababu simu haikuiona.

Fanya hivyo kwa programu yako. Kabla hujaikabidhi, andika ukurasa mmoja wa isichoweza: haifanyi kazi chini ya Android fulani, haipati GPS chini ya miti mizito, haishiki picha zaidi ya kadhaa kwa siku. Majivuno yako yatakuambia ukurasa huo unakushusha. Uandike. Siku itakapogoma kwa mojawapo, hutakuwa umeshindwa, utakuwa ulishasema.

8. Ukishindwa, shindwa bila kupoteza

Kuna siku haitapona. Jua linazama, boti ya asubuhi ya kesho inakungoja Mkoani, na programu bado imegoma. Usiifute kisha kuipakia upya. Nasema tena, usiifute: kwenye Android, kuifuta programu huondoka na hifadhi yake ya ndani, na fomu ambazo hazijatumwa zimo humo.

Vifaa vya kiganjani vya zamani vilikuwa na ukatili huo huo kwa njia nyingine. Kabla ya Windows Mobile 5.0 ya mwaka 2005, vingi vilihifadhi data katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Betri ikiisha kabisa, kila kitu kilifutika. Chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilipotolewa Unguja na Pemba mwaka 2009, ikiwamo shehia ya Mwambe, watu zaidi ya 48,000 walilengwa, na uandikishaji ulifanywa kwa vikompyuta vya kiganjani bila makaratasi. Chanjo ile ilikuwa ya dozi mbili. Rekodi ya kwanza ikipotea, hujui nani wa kumrudia.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kushindwa, fanya haya kwa mpangilio. Ichomeke simu kwenye chaja. Toa nakala ya hifadhidata, uiweke kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kumbukumbu. Mpe mama daftari na kalamu, umchoree safu zile zile za fomu ili kesho asikose kazi. Kisha mwambie ukweli kwa adabu: "Mama, leo imenishinda. Kazi yako yote ipo, hii hapa nakala. Nitakupigia nikishapata dawa, na daftari hili nitakuja kuliingiza mimi mwenyewe." Atakupa chai. Watu wanasamehe programu iliyogoma. Hawamsamehi aliyewapotezea kazi.

Na ukiipata dawa, usiitangaze kabla ya kuhesabu. Hesabu fomu zilizomo kwenye simu, hesabu zilizofika kwenye seva, hesabu za daftarini. Zisipolingana, hujamaliza, hata kama kioo kinang'aa kijani. Zikilingana, mrudishie simu yake na chaja yake, na umwombe akupigie wiki ijayo kukuambia kipi kinamkera.